Jumuiya ya watunzi mtandaoni: tuanze na seva, usajili au fedha?

KalamuTanga ameuliza:

Wadau, habari zenu. Naomba ushauri wa wanaoijua kazi hii.

Tuna jumuiya ya watunzi wa hadithi, mashairi na simulizi za sauti kwa Kiswahili. Wanachama wanakaribia 900: wengi wako Tanzania na Kenya, wengine Bukavu, Lubumbashi na Muscat. Kazi zote ziko kwenye magrupu ya WhatsApp na ukurasa wa Facebook. Matatizo mnayajua: riwaya inafika sehemu ya 14, admini anabadilisha simu, sehemu za mwanzo hazionekani tena. Kesho yake kazi ileile imebandikwa kwenye ukurasa mwingine, jina la mtunzi limekatwa.

Tunakadiria kazi 4,000 zinazostahili kuokolewa. Kamati imepewa mwaka mmoja iandae mambo matatu: hifadhi yetu ya mtandaoni, msingi wa kisheria, na fedha za kuiendesha. Tumekwama kwenye kipi kitangulie. Upande mmoja unataka tovuti iwe hewani haraka ili watu waone kitu cha kuchangia. Upande wa pili unasema bila cheti cha usajili hakuna wa kutusikiliza. Wa tatu wameshaanza andiko la mradi la kuomba ruzuku, na bajeti yake ina seva kubwa na programu ya simu.

Seva ya ukubwa gani inatosha? Tusajiliwe kama nini, na wapi? Fedha zikusanywe vipi kutoka nchi tofauti bila kupitia namba ya simu ya mtu mmoja? Naomba majibu yenye vipimo, maana kikao kijacho nataka kwenda na kitu mkononi.

FundiSeva amejibu:

Mkuu, piga hesabu ya mzigo kwanza. Hadithi ya maneno 3,000 ya Kiswahili ni kama kilobaiti 21 za maandishi matupu. Kazi zenu 4,000 zote kwa pamoja hazifiki megabaiti 100. Kinachokula nafasi ni sauti. Simulizi ya dakika 30 kwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde ni megabaiti 14.4, kwa hiyo simulizi 1,000 ni gigabaiti 14.4, na hapo bado diski haijalia. Mzigo halisi ni kusafirisha: simulizi moja ikisikilizwa mara 5,000 zimetoka gigabaiti 72. Rekodini kwa Opus, muundo mwingine wa faili za sauti, ya kilobiti 32, chaneli moja. Sauti ya msimulizi inabaki safi, mzigo unashuka nusu, na bando la msikilizaji linadumu maradufu. Wekeni na MP3 pembeni kwa simu za zamani zisizosoma Opus.

Kwa hiyo VPS moja (seva pepe ya kukodi) yenye viini 2, RAM ya gigabaiti 4 na SSD ya gigabaiti 80 inawatosha, hata wanachama wakifika 9,000. Sauti ziwekeni kwenye hifadhi ya mafaili inayolipiwa kwa gigabaiti, nje ya seva, ili bekapu ya hifadhidata ya kila usiku isibebe sauti zilezile kila mara. Programu ya simu ifuteni kwenye bajeti. Ukurasa usiozidi kilobaiti 300, unaofunguka kwenye simu ya bei ya chini, unafanya kazi hiyohiyo bila mtu kulazimika kusasisha kitu kila mwezi.

Msijiandikie mfumo wenu kuanzia sifuri. Mfumo ulioandikwa na mtu mmoja wa kujitolea hufa siku anapopata ajira. Mifumo ya tovuti iliyo tayari kama WordPress au Drupal ina watu wanaoijua karibu kila mji. Kitu cha kukaza ni mpangilio wa taarifa: mtunzi, kazi, sura na lebo viwe vitu vinne tofauti. Anwani ya kazi ijengwe kwa namba, mfano /kazi/1482, isijengwe kwa jina la hadithi, kwa sababu watunzi hubadilisha majina na viungo vyote vilivyosambazwa WhatsApp vitavunjika. Kila mtunzi awe na kitufe cha kupakua kazi zake zote mara moja. Kitufe hicho kinawajengea imani kuliko ahadi yoyote.

Kuingia kwenye akaunti ndiko wengi hukosea. Mtaambiwa mtumie namba ya simu kwa sababu watu hawana barua pepe. Angalieni mambo mawili. Kila SMS ya uthibitisho inalipiwa, na kuna walaghai wanaofyatua maombi ya SMS maelfu kwa usiku mmoja, salio lenu likaisha. La pili ni zito zaidi: laini isiyotumika kwa muda hurudishwa sokoni na kupewa mtu mwingine. Huyo mpya akiomba SMS ya kuingia, ameingia kwenye akaunti ya mtunzi wa zamani na anaweza kufuta kazi zake zote. Kama lazima mtumie simu, SMS itumike siku ya kujiandikisha tu, kisha nywila, na wekeni kikomo cha SMS tatu kwa namba moja kwa saa. Mkitumia barua pepe, rekodi za SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwenu kweli, ziwekwe kwenye domeini kabla ya kutuma hata barua moja. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zimekaza masharti kwa watumaji, na barua isiyo na rekodi hizo yaweza kutupwa kwenye taka au kukataliwa kabisa.

Bekapu: kila usiku toeni nakala ya hifadhidata, ifungwe kwa ufunguo, ipelekwe kwa kampuni nyingine kabisa, kwenye akaunti inayolipiwa kwa kadi nyingine. Tunzeni nakala 7 za siku, 4 za wiki na 12 za mwezi. Bekapu ikikaa kwenye akaunti ileile ya seva, siku bili isipolipwa vyote vinafungwa pamoja. Hitilafu ya kawaida ni diski kujaa: skripti inaendelea kutoa faili la baiti sifuri kila usiku na hakuna anayejua. Wekeni kengele inayolia faili la leo likiwa dogo kuliko la jana kwa zaidi ya asilimia 20. Na kila miezi mitatu mrudishe bekapu kwenye mashine tupu huku mkipima muda. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa msiihesabu.

Domeini isajiliwe kwa jina la jumuiya na ilipiwe miaka kadhaa mbele. Funguo za seva, domeini na bekapu ziwe kwa watu watatu wasioishi nyumba moja, na uthibitisho wa hatua mbili utumie programu ya simu, SMS isihusike.

Kuhusu zile kazi 4,000: WhatsApp inatoa mazungumzo ya grupu kama faili la maandishi, na kulichambua si kazi ngumu. Lakini msipandishe kitu kabla ya kusikia watu wa sheria, maana kuwa na faili si kuwa na ruhusa.

HakiNaSanaa amejibu:

FundiSeva amegusa penyewe. Kati ya yote mliyonayo mezani, kitu kimoja hakiwezi kufanywa baadaye: ruhusa ya mtunzi. Seva inahamishwa, usajili unabadilishwa, mfadhili anapatikana mwaka kesho. Watunzi 900 unaoweza kuwafikia leo kwa ujumbe mmoja, baada ya miaka minne wengi watakuwa wamebadilisha namba na wengine hawatakuwepo duniani. Anzeni hapo, hata kabla ya cheti.

Msingi wenyewe: kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999, na kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, haki huzaliwa kazi inapotungwa; Kenya inataka pia iwe imewekwa kwenye umbo la kudumu. Kusajili kwenye ofisi za hakimiliki, COSOTA ya Tanzania au KECOBO ya Kenya, kunasaidia ushahidi, hakuzai haki. Kwa hiyo hadithi iliyobandikwa kwenye grupu ni ya mtunzi, si ya grupu wala ya admini. Msiombe kuhamishiwa hakimiliki. Ombeni ruhusa nyembamba. Maneno ya namna hii yanatosha kuanzia, kisha wakili ayapitie:

«Mimi ndiye mtunzi wa kazi hii. Naipa jumuiya ruhusa, bila malipo na bila kunizuia kuitumia kwingine, ya kuihifadhi, kuionyesha kwa wasomaji mtandaoni, kuibadilisha muundo wa faili na kuitengenezea nakala za akiba. Nikiomba iondolewe, itaondolewa machoni pa wasomaji ndani ya siku 7, na nakala za akiba zitafutika kwa mzunguko wake ndani ya miezi 12.»

Hiyo miezi 12 inatokana na bekapu za mwezi alizosema FundiSeva. Mkibadilisha mzunguko, badilisheni na kifungu, la sivyo mmeahidi kitu ambacho mashine haitekelezi.

Chini yake wekeni visanduku tofauti, vyote vikiwa havina tiki: kusomwa kwa sauti, kuingia kwenye mkusanyiko wa kitabu, kutafsiriwa, kutumika kufundishia programu za akili unde. Kila kimoja ni haki inayojitegemea. Kwenye sauti kuna watu wawili au watatu: mtunzi, msimulizi, na mwenye muziki wa nyuma. Msimulizi ana haki yake ya mtendaji, naye asaini. Muziki wa nyuma uliochukuliwa tu kwenye wimbo unaovuma utawaletea barua ya madai mapema kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo simulizi za namna hiyo zisipande mpaka muziki uondolewe.

Leseni huria za Creative Commons, zinazomruhusu yeyote kuitumia kazi kwa masharti yaliyotajwa, muwape watunzi kama chaguo, zisiwe lazima. Waelezeni waziwazi kwamba leseni hiyo ikishatolewa hairudishwi: aliyeichukua kazi kwa masharti yale anabaki na haki ya kuitumia hata mtunzi akibadili mawazo.

Tafsiri za hadithi za kigeni, ambazo najua ni nyingi kwenye magrupu ya aina hii, ni haki ya mwenye kazi ya asili. Bila ruhusa yake hazipandi. Kwa Tanzania na Kenya ulinzi hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo. Aliyefariki 1962, kazi zake zilitoka kwenye ulinzi mwisho wa 2012. Lakini utangulizi, michoro na uhariri wa toleo jipya vina haki zao, na nchi nyingine huhesabu miaka 70.

Andaeni utaratibu wa malalamiko kabla ya kufungua milango. Kenya iliweka njia ya notisi ya kuondoa maudhui kwenye marekebisho ya 2019. Seva ikiwa Marekani, notisi itaenda kwa kampuni ya seva nayo itawapa muda mfupi sana. Mkitaka kinga ya sheria yao, mnasajili wakala wa kupokea notisi katika ofisi yao ya hakimiliki, ada ni dola 6 na inahuishwa kila miaka mitatu. Utaratibu wenyewe: lalamiko linapokewa kwenye anwani moja na kupewa namba, kazi inafichwa bila kufutwa, aliyeipandisha anaarifiwa na kupewa siku za kujibu, watu wawili wanaamua, sababu inaandikwa. Kufuta papo hapo ni kosa, kwa sababu wapo wanaolalamika kwa uongo ili kumnyamazisha mpinzani, na mkifuta mmepoteza na ushahidi.

Maudhui. Tanzania ina Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020, zilizorekebishwa 2022. Andikeni barua kwa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) mkieleza huduma yenu kwa undani na muombe majibu ya maandishi kama mnahitaji leseni. Msifungue safu ya habari na matukio, maana hiyo ndiyo inayowaingiza moja kwa moja kwenye kundi la leseni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaharamisha kuchapisha ponografia, kwa hiyo mpaka wa hadithi za mapenzi uandikwe kwa maneno yanayopimika. «Zisizo na maadili» haipimiki, kila msimamizi ataitafsiri kivyake.

Taarifa za watu: Tanzania ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na mkusanya taarifa anajisajili kwenye Tume. Kenya ni sheria ya 2019, na taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru watu, Kamishna anaarifiwa ndani ya saa 72. Dawa ni kukusanya kidogo. Namba ya kitambulisho ya nini? Jina halisi la mtunzi wa lakabu litunzwe mbali na ukurasa wake, lionekane kwa watu wawili tu. Walio chini ya miaka 18 waingie kwa idhini ya mzazi, na ujumbe wa faragha wafungiwe.

Usajili: chagueni nchi moja. Wanachama wa nchi nyingine wanabaki wanachama, hamhitaji cheti kila mahali. Tanzania, zamani wengi walikimbilia kampuni yenye dhamana kule BRELA, kwa msajili wa kampuni, lakini marekebisho ya 2019 yaliufunga mlango huo kwa shughuli za kijamii, kwa hiyo mnaangalia NGO chini ya sheria ya 2002 au chama chini ya Sheria ya Vyama. Chama ni chepesi kuendesha. NGO inafaa mkitarajia ruzuku. Kenya, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilianza kutumika Mei 2024 na ndiyo njia ya sasa.

Kuna mfano mmoja wa kuuangalia kwa makini. Organization for Transformative Works ya Marekani, inayoendesha hifadhi ya hadithi za mashabiki ya Archive of Our Own, ilianzishwa 2007. Hifadhi yenyewe ilifunguliwa kwa umma Novemba 2009. Shirika, masharti na kamati vilitangulia milango kufunguliwa.

KalamuTanga:

Nashukuru sana, hii fomu ya ruhusa inakwenda kikaoni kama ilivyo. Sasa wenzetu wa ruzuku wananiuliza: kama seva ni ndogo hivyo, tunaombea nini fedha? Na michango ya wanachama ikusanywe vipi?

MwekaHazina254 amejibu:

Ndugu Kalamu, gawa bajeti mifuko miwili na usiruhusu ichanganyike. Mfuko wa kwanza ni gharama za mwendo: seva, hifadhi ya sauti, domeini, barua pepe, SMS, ada za kila mwaka za usajili, na mhasibu wa kufunga hesabu. Huo ulipwe na wanachama. Mfuko wa pili ni miradi yenye mwanzo na mwisho. Huo ndio wa ruzuku. Jumuiya nyingi hufa baada ya ruzuku kwa sababu mfadhili alilipia seva kubwa, fedha ikaisha, na bili ikabaki.

Hesabu ya mwendo ni ndogo. Tuseme yote kwa pamoja ni dola 60 kwa mwezi, yaani 720 kwa mwaka. Akichangia mwanachama mmoja kati ya kumi, ni watu 90, kila mmoja dola 8 kwa mwaka: takriban shilingi 1,000 za Kenya au 20,000 za Tanzania. Ongezeni asilimia 15, maana bili zinakuja kwa dola na michango inaingia kwa shilingi. Lengo la mwaka wa kwanza liwe kuweka benki akiba ya miezi 12 ya mwendo. Kusanyeni kwa kampeni mbili za wiki moja kila mwaka, na wakati mwingine wote mkae kimya, kwa sababu ombi la kila siku watu huacha kuliona.

Upande wa Kenya, kati ya namba za malipo za M-Pesa, chukueni Paybill, si Till. Paybill ina nafasi ya namba ya akaunti, na mchangiaji akiandika namba yake ya uanachama hapo, hesabu inajilinganisha yenyewe. Kwenye Till mtabaki na majina na kuulizana huyu ni nani. Tanzania tumieni Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la jumuiya. Mkiunganisha malipo na tovuti, jueni kwamba taarifa ya malipo kutoka kwa mtandao wa simu yaweza kuja mara mbili au isije kabisa. Hifadhini namba ya muamala kama kitu kisichojirudia, muulize hali ya malipo baada ya dakika moja, na kila Jumatatu mweka hazina alinganishe taarifa ya mtandao na daftari, mstari kwa mstari. Benki: watia saini watatu, wawili kati yao lazima. Muhtasari wa mapato na matumizi uwekwe wazi kila robo mwaka.

Kwa Muscat na Congo msihangaike na mifumo ya malipo mwaka huu. Wa Muscat atumie kadi kupitia huduma ya michango ya kimataifa. Wa Bukavu na Lubumbashi wakusanye kwa M-Pesa au Airtel Money kwa mratibu wao, aliyeteuliwa kwenye mihtasari, atume mara moja kwa kampeni. Mkiamua kutumia shirika la nje kuwashikia fedha, wekeni kikomo cha kiasi kinacholala kwao. Open Collective Foundation ya Marekani ilitangaza Februari 2024 kwamba inafunga, ikavunjwa mwisho wa mwaka huohuo, na makundi mengi yakalazimika kutafuta makao mapya kwa miezi michache.

Sasa ruzuku. Andiko linalosema «kuendeleza fasihi ya Kiswahili» halipimiki. Andikeni hivi: «kuhamisha kazi 1,500 zenye ruhusa iliyosainiwa kutoka WhatsApp hadi kwenye hifadhi ya wazi, miezi 9, waratibu wawili wa nusu siku». Mfadhili anaona namba, muda na mtu. Mwulize mapema anakubali asilimia ngapi ya gharama za utawala, na uiombe yote. Kabla ya kusaini someni kifungu cha matokeo ya mradi. Wafadhili wengi hutaka kila kilichotolewa kwa fedha zao kiwe chini ya leseni huria, nanyi kwa fomu ya HakiNaSanaa hamna mamlaka ya kutoa kazi za watunzi hivyo. Jadilini leseni huria ihusu miongozo, msimbo na orodha, hadithi zibaki kwa masharti ya wenyewe. Mkiwa NGO Tanzania, kanuni za 2018 zinataka mkataba wa fedha zaidi ya shilingi milioni 20 ufikishwe kwa Msajili, basi ratiba ya mradi iache nafasi ya hilo.

Jambo moja linasahaulika kila mahali. Wasomaji watataka kuwatunza watunzi moja kwa moja, na mtashawishika kuweka namba ya simu ya mtunzi chini ya hadithi. Msifanye. Ukituma pesa kwa namba, jina lililosajili laini linatokea, na mwanamke anayeandika kwa lakabu kuhusu ndoa yake amefichuliwa kwa shilingi kumi. Malipo kwa watunzi yasubiri mpaka muwe na mhasibu, kwa sababu kuna kodi ya zuio pia. Matangazo nayo myaache: yanaleta ufuatiliaji wa wasomaji unaohitaji idhini, na yanavunja kile kikomo cha kilobaiti 300.

BetiNaVina amejibu:

Wenzangu wametosheleza, ila hakuna aliyehesabu watu. Kuchukua kazi moja kutoka faili la WhatsApp, kuunganisha sehemu zake, kuthibitisha fomu, kusahihisha aya na kuweka lebo ni dakika 20 kwa mtu mzoefu. Kazi 4,000 ni zaidi ya saa 1,300. Watu kumi wakitoa saa tatu kwa wiki bila kukosa, ni wiki 44. Hapo ndipo ruzuku inapostahili kwenda, kulipa mikono hiyo.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na kusubiri kila kitu kikamilike. Robo ya kwanza fomu na katiba. Robo ya pili seva iwake na watunzi 30 waliosaini, ikiwa imefungwa kwa wanachama tu, huku barua ya TCRA ikisubiri majibu. Makosa ya mpangilio mtayaona kwenye kazi 100, si kwenye 4,000.

Orodha ya lebo iamuliwe na watu wanaosoma. Mwanachama aandike anavyotaka, nyuma yake awepo mtu wa kuunganisha «utenzi» na «utendi», «tarbia» na «shairi la mishororo minne», ili msomaji akitafuta moja apate zote.

Na mashairi yapimwe kwenye simu kabla ya kufunguliwa. Mshororo wa mizani 16 una herufi 35 hivi, unaenea kwa shida kwenye kioo cha simu ndogo. Msomaji akikuza maandishi kidogo, mstari unakatika popote na vina vya kati vinapotea. FundiSeva awawekee alama kati ya ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na ya pili ya mshororo, ili mstari ukilazimika kukatika ukatikie hapo, mizani 8 juu na 8 chini. Vihariri vya kawaida pia hugeuza kila mstari kuwa aya na kuacha nafasi kubwa katikati ya ubeti. Hifadhini shairi kama maandishi matupu yenye mistari yake, muonekano uje baadaye.

KalamuTanga:

Nimechukua yote. Kikao kitapokea pendekezo la robo kama alivyolipanga BetiNaVina, na wa ruzuku nitawaomba waliandike upya andiko lao kwa ajili ya saa zile 1,300. Limebaki moja: tuna watunzi wanne waliofariki, na kazi zao ndizo zinazoombwa zaidi. Nani anasaini?

HakiNaSanaa:

Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa niaba ya warithi. Mjane au mtoto mkubwa peke yake hatoshi kama kuna wengine, hata akiwa na nia njema. Kama mirathi haikufunguliwa, wapatieni familia orodha ya kazi mlizonazo pamoja na tarehe zilipobandikwa, maana wengi hawajui kwamba ni mali. Wakati mnasubiri, kazi zihifadhiwe kwenye bekapu bila kuonyeshwa hadharani, na faili la WhatsApp la asili lisiguswe. Tarehe zilizomo humo zitasaidia kuthibitisha nani alitunga, endapo ukurasa mwingine umeshazidai.